Simu Iliyokosa Rappel

Kwa miaka mingi nimegombana na akina mama kwa sababu ya neno moja la Kifaransa: rappel. Ndiyo ile sindano ya pili na ya tatu, inayoukumbusha mwili wa mtoto kile ulichofundishwa na sindano ya kwanza. Mama huja mara ya kwanza kwa moyo mkunjufu, mtoto analia, anabembelezwa, na kwenye kadi naandika tarehe ya kurudi. Tarehe ikifika haonekani. Nikimkuta sokoni anauza mihogo, mtoto mgongoni, jibu lake nalijua kabla hajafungua mdomo.

"Titulaire, mutoto iko muzima. Anakula, anacheza. Rappel ya nini tena? Nitakuja juma ingine."

Titulaire ni mimi. Ndivyo anavyoitwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya kwetu, ambaye msituni huwa pia daktari, mwenye dawa, na siku nyingine mfagiaji. Nimekaa Pinga, kaskazini ya Walikale, miaka mingi kuliko niliyopata kukaa nyumbani kwangu Mushaki. Hasira ninayo, sikatai. Nilikuwa nawapigia akina mama kelele pale pale sokoni, mbele ya wateja wao: usipoziba ufa utajenga ukuta, ugonjwa hautumi barua kwanza, na mengine ya namna hiyo. Wao walinisikiliza kwa heshima, kisha nikigeuka mgongo wanacheka. Mmoja aliwahi kuniuliza mke wangu ananivumilia vipi, na wenzake wakamfinya, maana walijua mke wangu amekwisha kufa.

Simu yangu niliinunua Goma, occasion, yaani imeshatumiwa na mtu mwingine. Mke wangu alikuwa hai bado. Ilikuwa na ufa kwenye pembe ya kioo lakini ilifanya kazi vizuri, na kila juma ilileta kibandiko kile kile katikati ya kioo: kuna mise à jour, simu inataka kujisasisha. Chini yake vitufe viwili. Nilibonyeza kile cha kulia bila kusoma, kama unavyofukuza nzi. Sababu zangu nilikuwa nazo. Mise à jour inakula mega, yaani bando la intaneti, na mega kwetu hainunuliwi mlangoni. Network ya Pinga inakaa juu ya kilima, nyuma ya kanisa, unapanda baada ya kazi, unasimama mahali pale pale ambapo kila mtu husimama mpaka majani yamekufa, unainua mkono. Ukipata mstari mmoja wa network unasoma ujumbe wako haraka na kushuka. Nani atasimama pale saa mbili, mvua ikimtishia, ili simu nzima ijipambe?

Tena nilikuwa mwalimu wa wengine katika hilo. Mtu akinilalamikia kwamba mega zake zinaisha bila kuzitumia, nilichukua simu yake na kuizima mise à jour kwenye mizizi. Wahudumu wote wa kituo niliwafanyia hivyo, na mchungaji pia. Walinishukuru.

Nina binti mmoja. Alilelewa na mama yake Mushaki, kule juu kwenye baridi na malisho, katika nyumba inayotazama barabara ya Sake. Walikuwa na ng'ombe wachache, wakiuza maziwa kwa watu wa barabarani. Mimi nilikuwa Pinga nikituma mshahara ukitoka, na kufika nyumbani mara mbili kwa mwaka, siku mbili juu ya pikipiki kama mvua imekuwa na huruma na njia iko wazi. Nilijua urefu wake kwa alama tulizochora mlangoni. Kila nilipofika, alikuwa ameipita alama ya mwisho.

Mke wangu alikufa kwa ugonjwa wa siku tatu. Mimi, ninayetibu watoto wa watu, nilipata habari siku ya pili baada ya kifo, kwa mtu aliyepanda kilima na kushuka na uso ambao niliuelewa kabla hajasema. Nilifika Mushaki wamekwisha kuzika. Binti yangu alinipa kiti, akaniletea maziwa, akasimama pembeni kama anavyosimama mtu mbele ya mgeni wa heshima. Sikumuuliza siku ile ilivyokuwa. Niliogopa kujua, na pia nilijiambia kwamba mtoto asisumbuliwe na maswali. Baada ya juma moja nikarudi kazini.

Mwaka uliofuata vita vilipanda tena, ng'ombe wakapotea, na yeye akavuka mpaka kwenda Uganda pamoja na jirani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Huko akajifunza kushona kwa mashine ya kuazima. Mushaki hakubaki mtu wa kwetu, na Pinga nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya kituo, kitanda, meza, sufuria, na redio inayoongea yenyewe. Nilikuwa mpweke. Wakati ule neno hilo sikulitumia, nilisema nimechoka.

Tulichobaki nacho mimi na yeye kilikuwa ile programu ya kijani ya kutumiana ujumbe, ambayo kila mwenye simu anayo. Alinitumia sauti yake. Tunaziita audio. Za nusu dakika nilizifungua pale pale kilimani, nikashuka nazo chumbani na kuzisikiliza tena nikisubiri maji yachemke: amefika, mvua imenyesha, ameshona sketi ya kwanza, nzige wa huko wana ladha gani. Zile ndefu sikuzifungua. Kando ya audio simu inaandika uzito wake, na nikiona uzito mkubwa nilisema hii nitaifungua siku nikiwa na mega za kutosha. Siku hiyo haikuwa kwenye kalenda. Na majibu yangu yalikuwa hivi, karibu kila mara, kwa sauti ya mtu anayehubiri: "Sawa, mwanangu. Nimesikia. Mungu akubariki." Nilidhani baba anatakiwa kusema hivyo. Baba yangu mimi hakusema hata hicho.

Kumbukumbu ya mwaka wa tatu wa kifo cha mama yake ilipofika, aliniletea audio moja ya dakika tisa. Nikaangalia uzito wake. Nikajibu: "Sawa, mwanangu. Nimesikia. Mungu akubariki." Sikuwa nimesikia neno hata moja.

Haikupita mwezi, ile programu ya kijani ikagoma. Niliifungua kilimani ikaniambia imezeeka, nichukue mpya. Nikajaribu kuchukua mpya, nikaambiwa sasa simu yenyewe imezeeka, mise à jour zake zote nimeziruka, haipokei tena. Nilisimama pale nikitukana kwa Kihunde, lugha ninayoitunza kwa ajili ya matusi tu. Siku tatu nikapanda na kushuka bila sauti ya binti yangu, na siku ya tatu niliona kwamba sikuwa na jambo lingine lolote la kungoja katika siku.

Aliyeniokoa, kama nilivyodhani, alikuwa motari, mwendesha pikipiki anayetuletea dawa kutoka Walikale-centre. Nilimkuta anafungua kamba za makatoni, nikamweleza shida yangu.

"Titulaire, hiyo tu?" akasema. "Mi niko na ile mupya. Ilitoka Goma. Haiombake mise à jour, haiombake kitu. Leta telefone."

Akaweka simu yake kando ya yangu kwenye ukuta wa kituo, na ile programu ikavuka kutoka simu hadi simu bila kula hata mega moja. Ndivyo tunavyofanya sote huku. Programu, nyimbo, mahubiri, picha za harusi, vyote hutembea mkono kwa mkono, na kitu kilichopita mikono mingi tunakiamini zaidi, kwa kuwa kama kingekuwa kibaya si watu wangesema? Simu iliniuliza maswali kadhaa ya Kifaransa: inaruhusiwa kusoma ujumbe wangu, inaruhusiwa kusikia, kuona, kuita? Motari akabonyeza ndiyo kwa niaba yangu, mara sita au saba, haraka kama mtu anayemenya karanga.

Na ikafanya kazi! Ilikuwa na rangi ya zambarau badala ya kijani, na taa ndogo zikicheza pembeni. Mega zangu ziliisha upesi kuliko zamani, nikanung'unika kidogo, lakini nilipata audio ya nusu dakika kutoka kwa binti yangu na nikashuka kilima nikipiga mluzi.

Juma la pili, nikiwa kilimani, simu ikaleta maandishi marefu ya Kifaransa kwamba namba yangu haijulikani tena kwenye simu hii, kitu cha namna hiyo. Niliona mistari mingi nikajua ni yale yale. Nikabonyeza kitufe cha kulia. Baada ya hapo hakukuja tena ujumbe.

Hapa naandika jambo la aibu. Sikutafuta sababu. Nilikasirika. Nilijiambia mtoto amekua, amepata watu wake, amemsahau mzee wake msituni. Kumpigia simu ya kawaida nje ya nchi ni ghali, lakini haikuwa gharama iliyonizuia, ilikuwa kiburi. Kama hanitafuti, mimi ni nani nimsumbue? Nilipanda kilima kila jioni jua likiwa bado juu, nikaangalia kioo cha zambarau kisicho na kitu, nikashuka, nikala bugali wangu nimesimama. Majuma matano. Akina mama wa sokoni waliniambia nimekonda, na kwa mara ya kwanza hawakucheka nilipogeuka.

Ndipo akaja mama fundi wa sola. Friji yetu ya chanjo hutumia jua, na ilikuwa imeanza kupata joto mchana, jambo ambalo hunikosesha usingizi kuliko vita. Alifika juu ya pikipiki akiwa na sanduku la vyuma na kofia ya kichwani, mwanamke wa miaka arobaini hivi, maneno machache. Akatengeneza friji kabla ya saa sita. Tulipokaa kula, nikamwambia network ya Pinga imekufa, ujumbe hauingii. Akatoa simu yake.

"Asubui niliongea na watoto yangu pale kilimani. Network iko. Nionyeshe telefone yako, Papa Titulaire."

Nikampa. Aliigeuza, akaifungua, akaona ile rangi ya zambarau, na akaacha kutafuna.

"Hii uliitosha wapi?"

Nikamweleza habari ya motari na makatoni. Akaniuliza mise à jour ya mwisho nilifanya lini. Nikamjibu kwa fahari kwamba sijawahi. Wakati ule ule simu, kama iliyosikia inasemwa, ikaleta kibandiko chake. Sijui kwa nini iliendelea kuniomba kitu ilichokwisha kuninyima. Mama fundi akaniwekea kioo mbele ya macho.

"Soma hii kitufe ya kuume. Soma na mudomo."

Nikasoma: Rappeler plus tard. Unikumbushe baadaye.

"Kila siku telefone inakuitaka ku rappel," akasema, "na weye unasemaka plus tard. Unafanyaka nini na mama anakuambia vile?"

Jibu lilikuwa linajulikana soko zima.

Akanieleza polepole, bila kunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Wezi, alisema, hawalali. Kila mara wanavumbua tundu jipya ndani ya simu za watu. Watengenezaji nao wakiliona tundu wanatuma kiraka, na kiraka hicho ndicho mise à jour. Simu iliyokosa viraka inabaki na matundu yote, ya mwaka huu na ya miaka iliyopita, na wezi wanayajua kwa orodha. Kisha akaniuliza: "Na kama motari angekuletea chanjo mu mufuko yake, aseme ilitoka Goma, ungemutia mutoto?"

"Apana!" nilifoka, kama nilivyozoea kuwafokea wengine.

"Bon. Na hii uliitia mu nyumba yako."

Mganga hajigangi. Nililijua neno hilo tangu shule, nikaliona ni la kuwacheka wengine. Mama fundi akaniomba namba yangu, akasema kabla ya yote tuone kitu. Tukapanda kilimani. Jua lilikuwa kali, mchungaji alikuwa anaanika maharage mbele ya kanisa. Akaitafuta namba yangu katika simu yake mwenyewe, katika ile programu halisi ya kijani, na picha yangu ikatokea, ile niliyopigwa na marehemu mke wangu nimevaa koti jeupe. Chini ya picha kulikuwa na maneno mawili madogo.

"Papa, uko naona? Inaandika en ligne. Sasa hivi uko naongea na muntu."

Nilikuwa nimesimama kando yake mikono mitupu. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwake. Kwenye kioo maneno yakafutika: nilikuwa nimetoka. Kisha nikarudi. Kisha nikatoka tena. Niliogopa kama ninavyoogopa homa nisiyoijua. Mahali fulani nilikuwa nikiongea na mtu, na mtu huyo alidhani ni mimi, na katika dunia hii mtu aliyepata kungoja maneno yangu alikuwa mmoja tu.

Mama fundi akanipa simu yake nimpigie binti yangu kwa njia ya kawaida. Ikalia kwa muda mrefu. Aliposikia sauti yangu akasema maneno ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka kwake.

"Weye tena? Ulimaliza vyote. Sina kitu. Uniache." Akakata.

Nilipiga tena, hakupokea. Mama fundi alinivuta mkono, akasema tuanze na mlango. Alihamishia kadi yangu ya simu katika simu yake ya pili, ile anayopigia picha za mitambo, akaandika namba yangu katika programu ya kijani, ujumbe wenye tarakimu sita ukaingia, tukazitia. Mwizi akatupwa nje. Akaniambia ile programu ya zambarau ndiyo iliyosoma tarakimu kama hizo mara ya kwanza na kumpelekea bwana wake, pamoja na kila kitu kilichokuwa ndani ya simu, wala mimi sikuulizwa. Akanifanya nichague namba ya siri ya pili, niisome moyoni, nisimwambie mtu, hata yeye. Simu yangu ya zamani akaitoa betri. Hiyo ya pili akaniachia, akasema nitailipa atakaporudi kukagua friji, na akaisimamia mpaka ikamaliza mise à jour yake, saa moja na nusu, sote wawili tumekaa juu ya majani makavu. Sijawahi kukaa saa moja na nusu kwa ajili ya jambo dogo namna hiyo, na sikuona kuwa muda umepotea.

Alipoondoka nikabaki kilimani na simu ya watu. Nikamrekodia binti yangu audio. Sikuhubiri. Nilimwambia kwamba ni mimi, nimeibiwa namba kwa upumbavu wangu, sikuandika neno lolote kwake kwa majuma matano, nilinuna nikidhani amenisahau. Nikamwambia nimekonda. Nikamaliza nikaona nimeongea dakika nne, na nikaituma bila kuangalia uzito.

Alinipigia kabla sijashuka. Sikuona uso, ilikuwa sauti tu, na nyuma yake mashine ya mtu mwingine inashona.

"Usiongee," akasema. "Sauti haisaidie. Ule muntu pia alinitumiaka sauti yako. 'Sawa, mwanangu. Nimesikia. Mungu akubariki.' Alizikamata mu telefone yako. Inafaa ku kila kitu, ile sauti."

Nikaibana simu sikioni.

"Alianza kuniandikia kila siku," akaendelea. "Asubui, umelala vipi? Mangaribi, umekula nini? Ananiuliza mashine, ananiuliza rafiki zangu, anakumbuka majina yao. Nikasema, Papa amebadilika. Nilikuwa na furaha, unasikia? Nilikuwa naonyesha watu. Kiisha akasema iko mugonjwa, anataka ile feza nilikuwa naweka ya kununua mashine yangu. Hapo nikaogopa, nikamuuliza swali. Akajibu muzuri. Njo nikamutumia yote. Kesho yake akaomba ingine, hapo nikajua haiko weye."

Mashine ya nyuma ilinyamaza, ikaanza tena.

"Sasa na weye nitakuuliza ile ile swali. Siku Mama alikufa, nilikuwa nashika nini mu mukono?"

Nilitazama chini, bati la kituo changu, barabara inayokwenda Walikale. Sikuwepo. Nilikuwa hapa hapa. Nilijaribu kuiona ile nyumba, kitanda, yeye akiwa na miaka kumi na minane. Nilifikiri kwamba nikikosea nimempoteza, basi nikachagua kile ambacho ningependa kiwe kweli.

"Mukono yake," nikasema. "Ulikuwa nashika mukono ya mama yako."

Nikadhani network imeanguka. Nikainua mkono juu zaidi, kama mjinga, kisha nikakumbuka na kuushusha ili nisikie.

"Apana," akasema. Alikuwa analia, au amejizuia kulia. "Nilikuwa nashika telefone, Papa. Nilikuwa nakuita weye. Toka asubui mupaka alikatika roho, nilikuwa nakuita, na inasema hauko. Nilikusimulia yote mu ile audio ya dakika tisa. Ule muizi alijua, juu aliifungua."

Akavuta pumzi.

"Weye njo haukufungua. Njo maana najua sasa iko weye."

Nilikaa chini kwenye yale majani. Maneno yangu ya kila siku yalikuja mdomoni, nikayameza. Yeye hakukata simu.